Moteri ya mazutu ikikataa kuzimika: ufunguo hausaidii tena

Likasi iko karibu na umeme, lakini haiko na umeme kila saa. Stesheni ya Mwadingusha, kwenye muto Lufira, inatoa umeme tangu mwaka 1930, na viwanda vya Gécamines kule Shituru vimekula umeme huo kwa miaka mingi. Lakini siku delestaji inafika, sauti yenye watu wanasikia katika komini zote za muji ni ile ya grupe. Zile ndogo za nyumbani mingi zinakunywa esansi. Kubwa zenyewe, za hoteli, za dispanseri, za depo ya samaki, zinakunywa mazutu. Mashini nyingi za kusaga mahindi ya bukari, zile hazingojee SNEL, ni mazutu pia. Na malori yenye yanapita barabara kubwa usiku na muchana, kati ya Lubumbashi na Kolwezi, yote ni mazutu.

Moteri ya namna hii iko na tabia moja yenye watu wengi hawaijui mupaka siku inawafikia: inaweza kukataa kuzimika.

Mambo yanaanza kwa sauti. Moteri ilikuwa inatembea polepole, hakuna mutu amekanyaga aksileratere, lakini sauti inaanza kupanda yenyewe. Inapanda, haishuke. Moshi unatoka, muzito, mweupe wenye rangi ya bulu kidogo, unajaza kiwanja na barabara. Mwenye moteri anakimbia kuzungusha ufunguo: hakuna kitu. Anafunga robine ya mazutu: moteri inaongeza mbio. Kwa Kifaransa mafundi wanasema moteri « s'emballe », na katika magaraji wengi wanasema tu imeambale. Inaweza kudumu nusu dakika, inaweza kudumu dakika kadhaa. Isipozuiwa, mwisho ni mbili tu. Ao mafuta yenye ilikuwa inakula yanaisha na vyuma vinashikana, ao biele inavunjika na kutoboa ubavu wa moteri, vipande vinaruka sawa risasi.

Sababu ya ufunguo kushindwa iko ndani ya namna moteri ya mazutu imetengenezwa. Moteri ya esansi inahitaji buji itoe cheche. Ukikata umeme wa buji, moto unazimika, kazi imekwisha. Tena moteri ya esansi iko na kifuniko ndani ya njia ya hewa, kile aksileratere inafungua na kufunga. Rudolf Diesel, injinia wa Ujerumani mwenye moteri yake ya kwanza yenye kutembea vizuri ilipimwa Augsburg mwaka 1897, alifuata njia ingine. Moteri yake haina buji. Inavuta hewa tupu, inaikamua mara 15 mupaka 20 hivi, na hewa hiyo inakuwa na joto la kupita digri 500. Mazutu ikirushwa ndani inawaka yenyewe. Hewa haipimwe na kitu chochote, kwa moteri nyingi za zamani inaingia yote. Kitu chenye kinapimwa ni mazutu peke yake. Ukitaka mbio, pompe inatuma mazutu mingi. Ukitaka kuzima, pompe inaacha kutuma.

Basi mambo yote yanasimama juu ya wazo moja: kwamba hakuna kitu kingine chenye kinaweza kuwaka mule ndani isipokuwa mazutu ya pompe. Siku moteri inapata chakula kingine kupitia njia ya hewa, pompe haina neno tena. Ufunguo unakata mazutu, ni kweli, lakini moteri haiko inakula mazutu.

Chakula hicho, mara nyingi, ni mafuta ya moteri yenyewe, ile huile yenye mutu anaimwaga ndani kwa kulainisha vyuma. Huile ikigeuka kuwa ukungu ndani ya hewa ya moto, inawaka karibu sawa mazutu. Na milango yenye inaingilia ni mingi kuliko watu wanavyofikiri.

Turbo njo mulango wa kwanza. Ni gurudumu mbili ndogo juu ya mustimu mumoja: moja inazungushwa na moshi wenye kutoka, ya pili inasukuma hewa ndani. Turbo ya lori inaweza kuzunguka kupita mara 100000 kwa dakika moja, na mustimu wake unaelea juu ya huile yenye inasukumwa kwa nguvu. Vizuizi vya huile vikichoka, huile inapita upande wa hewa na kuelekea moja kwa moja katika moteri. Moteri ikiongeza mbio, turbo inaongeza mbio, inavuja zaidi, moteri inapata chakula zaidi. Jambo linajilisha lenyewe. Gari ya okazioni yenye imetembea miaka mingi Ulaya ao Japani, ikashuka Dar es Salaam, ikafika Katanga bila mutu kufungua turbo yake hata siku moja, ndiyo inabeba hatari hii. Shofere anaendesha kwa imani tu.

Segma zilizokwisha ni mulango wa pili, na hapa vumbi la kwetu lina kesi ya kujibu. Kuanzia mwezi wa sita mupaka mvua zirudi, barabara za udongo kuzunguka Likasi zinatoa vumbi jekundu lenye linapita kila mahali. Filtre ya hewa ikipasuka ao ikikosa kufungwa vizuri, vumbi linaingia na kusugua silinda sawa papie vere. Kisha moto wa juu unapita pembeni ya pistoni na kushuka katika karteri, ule upepo unabeba ukungu wa huile, na kupitia mupira wa kupumua unarudi katika njia ya hewa. Moteri imeanza kujinywa.

Mulango wa tatu unafunguliwa na mukono wa mutu. Kuna filtre za hewa za zamani, nyingi kwenye grupe, trakta na mashini za kusaga, zenye ziko na bakuli ya huile chini; vumbi linanaswa mule. Bakuli iko na alama. Mutu mwenye anasafisha anafikiri huile mingi itanasa vumbi mingi, anajaza kupita alama. Moteri ikiwaka inavuta huile ile yote kwa mara moja. Vilevile na karteri: mwenye kujaza mupaka juu « juu ya kuwa salama » anatengeneza hatari, maana vyuma vinaanza kupiga huile na kuirusha sawa mutu anapiga mayai. Wakati mingine hakuna mutu aliyeongeza, lakini kiwango kwenye kijiti cha kupimia kimepanda. Hiyo ni mbaya zaidi. Maana yake mazutu inashuka katika karteri kupitia enjektere yenye inavuja, huile inakuwa nyepesi sawa maji, na inawaka kwa urahisi.

Hapa watu wanauliza: moteri ikiongeza mbio, kuna shida gani, si itachoka yenyewe? Shida iko katika hesabu. Nguvu yenye inavuta biele kila mara pistoni inageuka juu haiongezeke sawasawa na mbio. Mbio zikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Moteri ya lori yenye ilitengenezwa kwa 2000 kwa dakika, ikifika 4000, kila biele na kila bulo yake inavutwa mara nne kupita ile yenye injinia alihesabu. Bulo haijui kusamehe. Gurudumu zito la nyuma, volani, nalo linaweza kupasuka, na vipande vyake vinapita katika ukuta wa matofali.

Kwa grupe kuna hasara ya pili yenye inaenda mupaka nyumba za majirani. Grupe nyingi kubwa zinazunguka 1500 kwa dakika ili zitoe umeme wa 50 Hertz. Moteri ikipanda mupaka 2100, umeme unakuwa 70 Hertz, na volti inaweza kupanda pia. Taa zinaangaza sana, kisha zinakufa. Friji ya chanjo, televizio, shaja za telefone, vyote viko njiani. Mutu mwenye anaona taa zinazidi kuangaza bila sababu asifurahi. Aende kusikiliza grupe.

Kuna moteri zinapanda mbio kwa sababu zingine, na inafaa kuzitenganisha. Kama ni pompe imekwama wazi, juu ya kutu, maji ndani ya mazutu ao kable ya aksileratere imeshikana, pale kufunga robine ya mazutu kunasaidia, hata kama inachukua muda mupaka mazutu ya ndani ya mipira iishe. Na kuna shofere wa lori yenye muzigo, kwenye muteremko, mwenye anashusha vitesi kupita kiasi: magurudumu yenyewe yanasukuma moteri kupita mbio zake. Hiyo haiko moteri yenye imepata chakula cha wizi, dawa yake ni freni na kupandisha vitesi moja. Watu wanachanganya mambo haya, kisha wanashauriana vibaya kando ya barabara.

Namna ya mwisho ni ile moteri inakula hewa yenyewe ya inje, kwa sababu hewa hiyo imejaa gesi ao muvuke wa esansi. Inaonekana sawa hadithi, lakini imeua watu. Tarehe 23 Machi 2005, katika kiwanda cha kusafisha petroli cha BP kule Texas City, Marekani, mafuta mepesi yalifurika kutoka kwa bomba la juu na muvuke ukaenea chini. Karibu pale kulikuwa pikapu ya mazutu, moteri inatembea. Moteri ilivuta muvuke, ikaanza kulia yenyewe kwa mbio, na watu waliona moto unatoka kwayo. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walisema pikapu hiyo njo ilikuwa, kwa uwezekano mukubwa kabisa, chanzo cha moto. Watu 15 walikufa, 180 waliumia. Miaka mitano kisha, tarehe 20 Aprili 2010, kwenye mutambo wa kuchimba petroli baharini, Deepwater Horizon, gesi ilipanda kutoka kwa kisima na moteri kubwa za mazutu zenye kutoa umeme zikaivuta. Mafundi walisikia moteri zinapanda, taa zikaangaza kupita kawaida na kupasuka, na mulipuko ukafuata. Watu 11 walikufa.

Likasi haina kisima cha petroli. Lakini ina bidoni. Wauzaji wa mafuta ya pembeni ya barabara, wale watu wanawaita Kadhafi, wanaweka esansi na mazutu mahali pamoja, na si ajabu kuona bidoni za esansi zimepangwa katika chumba kimoja na grupe yenye inatembea. Muvuke wa esansi ni muzito kupita hewa: hauende juu, unatambaa chini na kukaa katika mashimo. Kongo inajua tayari kitu muvuke huo unaweza kufanya. Sange, Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010, lori ya mafuta ilianguka, watu walikusanyika, moto ukapita katika nyumba na kuua watu zaidi ya 230. Haikuwa kisa cha moteri kuambale. Lakini shofere mwenye anafika na lori ya mazutu mahali esansi imemwangika anapaswa kujua kwamba moteri yake inapumua hewa ileile, na kwamba kukata ufunguo mbali, kabla ya kufika, kunafaa; kukata akiwa ndani ya muvuke pengine kumechelewa.

Sasa, kitu gani cha kufanya. Moteri inahitaji vitu viwili: chakula na hewa. Chakula kimeponyoka mikononi mwa mutu. Inabaki hewa.

Kwa gari ao lori ya vitesi vya mukono, yenye imesimama, kuna njia ya sekunde za kwanza. Shofere anakanyaga freni kwa nguvu yote, anavuta freni ya mukono, anaingiza vitesi ya juu kabisa, ya tano ao ya sita, kisha anaachilia ambreyaji kwa mara moja. Freni zikiwa nzuri, moteri inazuiwa na kufa. Lazima mbele na nyuma kusiwe mutu. Na ikiwa sauti imekwisha kupanda kupita kiasi, njia hii haifai tena, kwa sababu ambreyaji yenyewe inaweza kupasuka chini ya miguu ya shofere. Kama gari iko inatembea, asikanyage ambreyaji hata kidogo: moteri ikikosa muzigo wa magurudumu, inaruka. Abaki katika vitesi ya juu na kufunga gari kwa freni. Gari ya otomatiki haina njia hii. Pale ni kusimamisha, kushusha watu na kwenda mbali.

Kwa grupe na mashini ya kusaga, hakuna vitesi. Kinachobaki ni kuziba mudomo wa kuvuta hewa. Mutungi wa kuzima moto wa gesi ya CO2, ukipuliziwa moja kwa moja katika mudomo huo, unaua moteri kwa sekunde chache, kwa sababu gesi inachukua nafasi ya hewa. Mutungi wa unga haufai kwa kazi hiyo. Kama hakuna mutungi, ni kipande cha mbao nzito ao bamba la chuma lenye linapita ukubwa wa mudomo. Si kitambaa, si koti: moteri inavimeza, na koti inaweza kuvuta mukono. Na si kiganja cha mukono, hata kwa moteri ndogo.

Lakini mafundi wengi wanasahau kusema sharti moja. Kuziba hewa kunafaa tu kama mudomo unajulikana na unafikika bila kuinama juu ya moteri. Biele inatokea ubavuni, feni inatokea mbele, volani inatokea nyuma. Hakuna upande wenye unaweza kuitwa salama. Katika chumba cha mashini ya kusaga, chenye mulango mumoja na wamama wako kwenye mustari na mabeseni yao, kazi ya kwanza si kuokoa mashini. Ni kutoa watu, wote, na kuwapeleka mbali, nyuma ya ukuta muzito ikiwezekana. Moshi peke yake unatosha kulevya mutu katika chumba kilichofungwa. Moteri ya okazioni ina bei, ni kweli, na kwa familia fulani njo inalipa minerval ya watoto. Kwa hiyo mwenye mashini njo wa mwisho kukubali kutoka, na mara nyingi njo mwenye anaumia.

Dawa ya kweli inawekwa kabla. Fundi wa kusudia anaweza kuweka kifuniko cha chuma katika bomba la hewa, na kable yake kutoka inje ya mulango: mutu anavuta kable bila kuingia. Katika visima vya petroli na viwanda vyenye gesi, kifuniko cha namna hiyo, chenye kinajifunga chenyewe, ni kitu cha kawaida kwenye moteri za mazutu. Kwa mashini ya mtaa, hata kipande cha mbao chenye kimekatwa kwa kipimo na kutundikwa karibu na mulango, na bomba la hewa lililogeuzwa kuelekea mulango huo, ni tofauti kubwa.

Moteri yenyewe inatoa habari mbele ya siku. Huile inapungua kila juma lakini hakuna doa chini. Moshi wa bulu asubuhi, na mingine ukiachilia aksileratere. Mupira kati ya turbo na moteri, ukifunguliwa, ndani kuna huile ya kulowanisha kidole na kudondoka. Utando mwembamba ni kawaida. Kudondoka si kawaida. Sauti yenye inapanda kidogo na kushuka bila mutu kugusa kitu. Kiwango cha kijiti chenye kinapanda badala ya kushuka. Shofere mwenye ameona mawili ya haya na bado anachukua muzigo wa Kolwezi amekwisha kuchagua.

Na moteri yenye iliambale ikazimika, isiwashwe tena pale kando ya barabara « kwa kuona kama imepona ». Huile imejaa katika mipira na katika radiatere ya hewa ya turbo; ikiwashwa inaivuta tena. Hata kisha kubadilisha turbo, fundi mwenye haraka anasahau kumwaga na kuosha radiatere hiyo, anawasha na turbo mupya, na moteri inaambale mara ya pili na huile ya turbo ya zamani. Ifunguliwe, imwagwe, iachwe inadondoka usiku muzima, ioshwe. Siku ya kuwasha mara ya kwanza, filtre ya hewa ibaki imefunguliwa na mutu asimame pale na mbao mukononi.